Kuku Wamelala, Nanyori Bado

Nyumba yangu haikuwahi kunyamaza, na mimi mwenyewe ndiye niliyetaka iwe hivyo. Mume wangu alikuwa askari wa Wadachi. Alinitoa Pangani, akanifikisha Arusha, akafa kwa ugonjwa wa kuhara, akaniacha chini ya boma na nyumba ya vyumba vitano, kuta za udongo, paa la nyasi. Watu wakasema, Zamda, rudi kwenu. Nirudi nikafanye nini? Nikae na kuku mmoja tukitazamana? Nikapangisha vyumba, nikaweka jiko barazani, nikaanza kukaanga maandazi. Anayekula andazi hukaa, anayekaa husema, na jambo likisemwa barazani kwangu alfajiri, kabla ya adhuhuri limeshafika sokoni bila mimi kunyanyuka kigodani. Sijisifu. Ndivyo nilivyo, na walionipenda walinipendea hilohilo.

Chumba cha mbele alikaa Sophia, Mnyamwezi, mke wa askari, ulimi wembe. Cha pili Lomayani, kijana wa Kiarusha aliyechunga nyumbu wa boma, wale wa kubebea mizigo. Sauti yake ilizoea kuita wanyama ng'ambo ya bonde; akiomba chumvi mezani, jirani wa nyumba ya tatu wanaleta. Vyumba viwili vya uani nililaza wapagazi wapitao. Na kile cha katikati, kikavu kuliko vyote, nilimpa Msafiri, karani wa boma, na binti yake Nanyori, mtoto wa miaka mitano.

Msafiri alikuwa mtu wa Tanga, kasoma shule ya serikali, anaandika herufi za Kizungu upesi kama kuku anavyodonoa mtama. Mke wake, Namnyaki, alikuwa wa Kisongo. Alikufa akijifungua mtoto wa pili, na mtoto akamfuata. Arobaini haijaisha, mama yake Namnyaki akaja kumchukua mjukuu. Nilikuwapo, nilisikia yote.

"Koko," Msafiri akamwambia bibi yule kwa heshima, "mtoto huyu nitamlea mwenyewe. Nitamlaza mwenyewe."

Bibi alicheka mpaka hereni zikamtikisika. "Utamlaza kwa nini? Una ziwa?"

Msafiri akaingia ndani, akatoka na daftari. Bibi akalitazama, akanitazama mimi, akaenda zake kurudi Kisongo akitikisa kichwa.

Katika daftari lile aliandika hadithi. Kila mpagazi aliyelala kwangu, akienda Moshi au akirudi, Msafiri alimkalisha, akamtoa hadithi taratibu kama unavyomtoa mtu mwiba, akaiandika. Kisha akaitengeneza, akaongeza yake. Na kila jioni, tukishakula, aliwasha taa ukumbini, akampakata Nanyori, akafungua daftari amsomee mpaka alale. Lakini hasomi kwanza. Anauliza.

"Kuku wamelala?"

"Wamelala!"

"Mbuzi wamelala?"

"Wamelala!"

"Nyumbu wa serikali je?"

"Wamelala!"

"Na Nanyori?"

"Bado!"

Hapo ndipo anaposoma. Mwanzo mchezo huo ulikuwa wa wao wawili. Lakini nyumba yangu ni nyumba gani isikie swali inyamaze? Siku ya pili Sophia alijibu akiwa chumbani kwake anasuka nywele. Siku ya tatu Lomayani akaingilia, hasa pale kwenye nyumbu, maana alisema swali hilo ni lake kwa haki. Mwezi haukuisha, tulikuwa tunajibu sote, na wapagazi, na jirani kupitia ukutani, na ile "Bado!" ya mwisho ilitoka kwa kishindo mpaka mbwa wa mtaa wanabweka. Nanyori alicheka huku ameshika tumbo. Nami nikikaa pale na kanga yangu begani nilijiona tajiri.

Msimu ule alikuwa akimsomea habari za kinyonga aliyeamua kupanda Mlima Meru akajionee kileleni kuna rangi gani. Kila jioni ukurasa mmoja. Kinyonga anainua mguu, anafikiri, anaushusha.

"Karani," Sophia akamwambia jioni moja, "huyo mdudu hajafika tu? Mimi ningeshapanda, nikashuka na kuni, nikapika."

"Kinyonga hana mume wa kupikiwa, Bi Sophia. Ana nafasi."

"Basi mwambie aniazime hiyo nafasi."

Nanyori naye kila mstari ana swali. Kinyonga analala wapi? Anakula nini? Akikutana na chui? Msafiri anajibu, anapotea mstari, anautafuta kwa kidole, sisi tunamcheka.

Masika yakaingia na homa. Haikuwa homa ya kutetemeka tuliyoizoea. Shingo ya mtoto ilikakamaa, macho yakageuka, akawa hamjui baba yake. Siku kumi na mbili. Tulimfuta kwa maji, tulimpulizia dua, Sophia alikesha naye kama wake. Msafiri akirudi bomani alikaa kitandani, akamsomea kinyonga kwa sauti ya chini bila kuuliza maswali. Siku ya kumi na tatu mtoto akatoka jasho, akafumbua macho, akaomba uji. Ilikuwa Jumapili.

Mwenyezi Mungu, furaha ile! Lomayani alikimbia kwao Sakina akarudi na kibuyu cha maziwa. Mimi nilimtangazia kila aliyekula andazi langu: amepona, mtoto wa karani amepona. Hata Makaburu waliokuwa wakipita na magari yao ya ng'ombe nadhani walinisikia. Na jioni Msafiri akamtoa ukumbini amemfunga shuka, akampakata, akauliza kama kuku wamelala. Tulijibu kwa nguvu zetu zote. Nusura paa lituangukie. Mtoto alikuwa amemkazia baba yake macho mdomoni, anatabasamu, naye anapanua kinywa kama sisi. Katika sauti kumi, nani angeitafuta moja ndogo?

Juma lile boma lilikuwa linatengeneza safari. Bwana Shauri, yule mkubwa wao, alikuwa aende upande wa Mbulu miezi miwili, na karani wake aende naye. Msafiri akawa anatoka kabla ya jua na kurudi usiku umeingia, vidole vyeusi kwa wino. Mtoto alimwona wakati wa kusomewa tu, na wakati wa kusomewa sisi sote tulikuwapo.

Alhamisi, mimi niko barazani naosha ungo. Nanyori yuko uani anachorachora ardhini kwa kaa la moto lililozimika, mgongo amelipa boma. Likapigwa tarumbeta la jioni. Sasa wewe ungemjua mtoto yule ungejua tarumbeta lile ni nini kwake. Tangu alipojua kutembea, likilia tu huwa ameshafika njiani kumpokea baba yake. Mara nyingine tulimkamata akiwa uchi, sabuni mwilini. Siku ile hakuinua kichwa.

"Nanyori, tarumbeta hilo."

Anachora.

"Nanyori!"

Nilichukua kifuniko cha sufuria na mwiko, nikamwendea kwa nyuma, nikapiga kwa nguvu karibu na kisogo chake. Kuku waliruka juu ya ua. Mtoto akaongeza mguu mmoja kwenye mnyama wake. Kivuli changu kilipomfikia ndipo alipogeuka, akanichekea, akasema, "Bibi, njaa!" kwa sauti ya mtu anayeita mwenzake ng'ambo ya mto.

Niliweka kifuniko chini. Nikamwita Sophia.

"Ah, shoga, ni madeko," Sophia akasema. "Watoto wakipona huwa hivyo. Wanajifanya hawakusikii."

"Basi mjaribu wewe."

Akasimama nyuma yake, akasema kwa sauti tamu ya kuongopa, "Nanyori, sukari guru hii hapa, nimpe nani?" Hakuna mtoto Arusha nzima ambaye angevumilia hilo. Nanyori alikuwa anapuliza vumbi vidoleni.

Sophia akakaa chini, palepale kwenye udongo.

"Tangu lini?"

"Tangu apone, nafikiri."

"Lakini jioni anajibu. Jana amejibu."

"Nani amejibu, Sophia?" nikamwuliza. "Hebu niambie. Nani amejibu?"

Akanitazama. Mimi nilikuwa nimejibu. Yeye alikuwa amejibu. Lomayani alijibu kama nyumbu kumi. Tulikuwa tumemjibia mtoto siku nne, na kila jioni baba yake akaenda kulala ameridhika.

Sophia ndiye aliyekumbuka daktari. Moshi kulikuwa na daktari wa Kidachi. Mke wa sajini mmoja alipelekwa kwake hasikii sikio la kushoto, akarudi anasikia hadi mambo yasiyomhusu. Lakini daktari huyo hakumpokea mtu mweusi bila barua ya boma, na barua ya boma ni ya kuombwa na mtu wa boma. Yaani Msafiri. Na safari inaondoka Jumatatu.

"Mwambie leo," Sophia akasema.

"Kwa nini mimi?"

"Wewe si ndiye uliyeutangazia mji kwamba yule ombasha wa askari ameachwa na mkewe kabla ombasha mwenyewe hajajua? Leo umekuwa bubu?"

Nikasema nitamwambia. Msafiri akaja amelowa, kofia mkononi.

"Shikamoo, Bi Zamda."

"Marahaba, baba. Msafiri, nina neno."

"Neno gani?"

Akanitazama na uso ule wa mtu ambaye amezika mke na mtoto, na juzi tu amerudishiwa aliyebaki. Mimi, ambaye neno halijawahi kunikaa kooni tangu kuzaliwa, nikageukia jiko.

"Maandazi yamebaki," nikasema. "Nikuwekee?"

"Niwekee."

Ijumaa asubuhi nilichemsha mafuta ya nazi na kitunguu saumu, yakapoa, nikamtia masikioni. Alipiga kelele, kisha akanisamehe. Adhuhuri nilikwenda kwa mwalimu wa chuo akaniandikia aya katika sahani kwa zafarani, nikaosha kwa maji, nikamnywesha. Nikapiga kifuniko. Nikangoja, nikapiga tena. Sophia akaniambia, "Utamtoboa na hicho kidogo anachosikia, kama kipo."

Jioni ile, baada ya kusoma, mtoto ameshalala, Msafiri akaniambia kwa sauti ya furaha, "Umeona, Bi Zamda? Tangu apone hanikatizi hata mara moja. Zamani kila mstari swali. Sasa ananitazama tu, anasikiliza kama mtu mzima. Homa imemkuza."

Utasema nini hapo? Nilisema, "Mashallah." Mungu anisamehe.

Jumamosi nikaona, kama mdomo wangu umekataa, basi na itumike njia nyingine. Niliwakusanya wote, Sophia, Lomayani na wapagazi wawili, nikawaambia, "Leo karani akiuliza, asijibu mtu."

"Hata kwenye nyumbu?" Lomayani akauliza.

"Hata kwenye nyumbu."

"Bi Zamda, hapo ni pangu."

Nikamweleza. Kijana alinisikiliza hadi mwisho, na kwa mara ya kwanza tangu aingie nyumba yangu nilimsikia akinong'ona: "Mtoto mwenyewe anajua?"

Swali hilo sikuwa nimejiuliza. Kwa nini wakubwa wote wamefunga sauti zao, labda ndivyo mtoto angefikiri. Labda angedhani tunacheza.

Najua nilichokifanya. Nilimfanya mtoto awe tarishi wa habari zake mwenyewe kwa sababu mimi nilishindwa kuzibeba. Lakini Jumapili ilikuwa ndiyo siku iliyobaki.

Mvua ilikuwa imekatika. Msafiri akawasha taa, akampakata, akafungua daftari.

"Kuku wamelala?"

Kimya. Mpagazi mmoja akakohoa. Lomayani alikuwa ameng'ata ncha ya shuka lake. Msafiri akatutazama mmoja mmoja, akacheka.

"Leo mmekosana? Nani kala nyama ya nani?"

Akamgeukia mtoto. "Haya mama, tuachane nao. Kuku wamelala?"

Nanyori alikuwa anautazama mdomo wake kama paka anavyotazama tundu la panya. Mdomo uliposimama, akapiga kelele: "Wamelala!"

Nikafikiri tumemsingizia, ewe Mola, tumemsingizia, anasikia! Msafiri akatuambia, "Mnaona? Huyu peke yake ndiye mwenye adabu." Akavuta pumzi aulize la mbuzi, na kabla hajatamka herufi, mtoto akasema, "Wamelala!" Na tena, "Wamelala!" Na papo hapo, kwa sauti iliyopasua ukumbi, "Bado!" Akatugeukia sisi, mikono juu, anangoja tucheke.

Hatukucheka. Tabasamu lake likabaki usoni halina pa kwenda.

"Una haraka leo," Msafiri akasema. Lakini sauti yake ilikuwa imebadilika. Kisha akainua daftari taratibu hadi likaufunika uso wake wote, na kutoka nyuma ya karatasi akasema, "Nanyori, kuku wamelala?"

Mtoto alikuwa anachezea kifungo cha kanzu yake.

"Nanyori."

Kifungo.

"Nanyori!"

Mbwa wa jirani alibweka. Mtoto akalishika daftari kwa mikono miwili, akalivuta chini, apate kuuona uso wa baba yake.

Msafiri akamruhusu alivute. Wakatazamana. Kisha Msafiri akanitazama mimi, hakumtazama mwingine yeyote.

"Tangu lini?"

"Mimi nimejua Alhamisi."

"Alhamisi uliniambia una neno."

"Ndiyo."

"Ukanipa maandazi."

Sophia akasema, "Karani, usimlaumu peke yake, sisi sote..."

"Ninyi sote mlikuwa mnanijibu," Msafiri akasema. Hakusema kwa hasira. Ningeipenda hasira. "Mimi nawaambia watu bomani, mwanangu amerudi na sauti ya watu kumi."

Ndipo nilipomwambia habari za daktari na barua, maneno yote kwa mara moja, yakagongana mlangoni. Alisikiliza akimpapasa mtoto kichwani, nyuma ya masikio, kama mtu anayetafuta mahali palipopasuka.

Jumapili alikwenda bomani kuomba barua. Mimi nilikaa njiani na kapu la maandazi ambayo sikuyauza. Lomayani, aliyekuwa akifunga mizigo ya nyumbu uani kwa boma, ndiye aliyeniletea habari, na kila neno aliniletea, kwani alijua nitauliza.

"Alisimama ngazini, kofia mkononi, mpaka kivuli cha bendera kimehama," akasema. "Bwana Shauri akatoka. Karani hakuomba kubaki. Aliomba barua tu, ili wewe Bi Zamda umpeleke mtoto. Bwana akauliza, mtoto anakula? Anakula. Anatembea? Anatembea. Akasema basi hakuna mgonjwa hapo, tukirudi tutaona."

"Na Msafiri?"

"Aliomba tena."

"Ikawaje?"

Lomayani akainama, akavuta kamba ya kiatu ambayo haikuwa imelegea. "Bwana alitazama ukutani, pale kinapotundikwa kiboko. Karani naye akatazama. Basi."

Msafiri aliporudi alikaa kwenye kigoda changu, kitu ambacho hakuwahi kufanya. Sophia akamwambia aandike barua mwenyewe. Si ndiye anayeziandika zote?

"Naandika mimi, anagonga muhuri yeye. Bila muhuri ni karatasi ya kusokotea tumbaku."

"Basi usiende safari. Toroka. Mpeleke kwa bibi yake Kisongo."

"Karani anayetoroka anarudi na mnyororo shingoni, Bi Sophia. Na bila barua, bibi yake atamfikishaje mbele ya daktari?"

Sophia akaokota ufagio, akafagia ua uliokwisha kufagiwa.

Jioni ile hakuuliza mambo ya kuku. Alisoma tu. Alisoma ukurasa, akafunua, akasoma mwingine, mbio, bila kupumzika, na sisi hatukujua kama kinyonga amefika kileleni ama ameanguka, kwa sababu alikuwa anasoma ndani ya nywele za mtoto na hatukuthubutu kumwambia apaze sauti.

Jumatatu safari ikaondoka. Bendera, hema, masanduku, wapagazi sitini, na wangu wawili walioshikwa usiku kuongeza idadi. Lomayani mbele ya nyumbu, mume wa Sophia na bunduki. Msafiri alichutama mbele ya lango langu, akaushika uso wa Nanyori kwa mikono miwili. Akamwonyesha yeye mwenyewe, akaonyesha magharibi, akaonyesha jua likizama na kuchomoza, kuzama na kuchomoza, mara nyingi, mpaka mkono ukachoka. Mtoto alifuata kidole chake kwa makini makubwa, akaelewa. Alidhani baba anakwenda sokoni.

"Niletee ndizi!" akasema, na safu nzima ikageuka kutazama.

Msafiri akaitikia kwa kichwa. Akanipa daftari, hakuniambia nilifanyie nini. Wakashuka bondeni kuelekea Kisongo na vumbi lao.

Nyumba ikabaki na wanawake wawili na mtoto mmoja. Tulikula mapema. Sophia alisema atalala, kichwa kinamuuma, akaingia chumbani kwake, na sikusikia kitanda kikilia. Nikaosha vyombo taratibu ili nisimalize. Nilipogeuka, Nanyori amesimama ukumbini na daftari kifuani.

"Bibi! Soma!"

Mimi sijui kusoma. Kule Pangani nilifundishwa aya za sala kwa kukariri, na herufi hizi za Kizungu naziona kama nyayo za sisimizi. Nikatikisa kichwa. Akavuta kigoda, akanikalisha, akaketi pajani mwangu, akafungua mahali baba yake alipofunga, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, akanikazia macho mdomoni.

Nikasema moyoni, sauti ya nini? Nikachezesha midomo tu, tupu. Mtoto akakunja uso. Akaweka kiganja chake kooni kwangu, akangoja, akatikisa kichwa. Alijua kuna kitu hakipo, koo halitetemi. Sijui alijifunza lini, labda zile siku za homa kifuani kwa baba yake, labda zile siku nne tulipokuwa tunashangilia. Akanibonyeza koo kidogo, kama unavyobonyeza embe.

Nikaanza kusema. Habari za kinyonga sikuzijua kuanzia pale, na aliyezijua alikuwa njiani amebeba wino wa Wadachi. Nikasema nilichokuwa nacho. Nikamwambia Sophia analia chumbani anadhani simsikii. Nikamwambia mke wa ombasha amerudi na ombasha hamtaki. Nikamwambia kwamba Alhamisi nilikuwa na neno, na kwamba hata ningelisema ile Alhamisi, pengine barua isingetoka, na pengine daktari asingeweza kitu, na kwamba nimejiambia hivyo tangu jana na hainisaidii. Sauti yangu ilizunguka ukumbi ule mtupu ikanirudia.

Sophia akatokea mlangoni, macho mekundu. "Unamsomea nini?"

"Sijui."

"Hatalala hivyo. Anamngoja baba yake."

"Najua."

Hakulala. Taa ilianza kufifia, mafuta yanaisha, na yeye macho makavu, mazito, kwenye midomo yangu, kiganja kooni. Taya liliniuma. Nikanyamaza nipumue. Akaangalia ukurasa, akaona nimeufikia mwisho kwa hesabu anayoijua mwenyewe, akaufunua, akagonga karatasi kwa kidole mara mbili.

Nikaendelea.